Nusu Saa Chini ya Hadubini

Umoja ni udhaifu, utengano ni nguvu. Asiyeamini angekwenda kumuuliza Kiberiti kwenye maabara yake ya ghorofa ya chini, naye angemjibu bila kuinua macho kutoka kwenye chupa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza chembe za salfaidi ya kadimiamu, chembe ndogo kiasi kwamba ukiupasua unywele mmoja kwa unene wake vipande elfu ishirini na ushee, kipande kimoja ndicho kinachotoshana na chembe moja. Zikikaa mbalimbali, kila moja ndani ya koti lake la mafuta, zina rangi ya limau na zinanyonya mwanga wa jua kama zilivyoagizwa. Zikikumbatiana tu, basi tena. Zimekuwa bonge, na bonge halina kazi ila kuchafua chupa.

Jina la Kiberiti binti huyu alipewa na wenzake, kwa sababu ya dawa alizozipika, na kwa sababu hasira zake hazikuhitaji kusuguliwa mara mbili.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, alikuwa amebanwa ndani ya lifti ya hospitali kuu, amekumbatia boksi dogo lenye chupa tatu. Lifti ilijaa pomoni: wauguzi wawili na mafaili yao, mzee na bakora yake, mama mnene na chupa ya chai, wageni wa wagonjwa na vikapu. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne ikapanda harufu. Yai viza. Tena si yai moja, tenga zima.

Haikutoka chupani, kwa maana chupa zilizibwa sawasawa. Ilitoka kwenye koti jeupe la Kiberiti, alilosahau kulivua alipotoka maabara.

"Ebo! Nani huyu?" mama wa chupa ya chai alifoka, vidole puani. "Mtu mzima na akili zake?"

"Si mimi," mzee aliwahi kujitetea kabla hajaulizwa.

Macho yalianza kuzunguka, yakitafuta mwenye mali. Kiberiti alihisi masikio yakimwiva. Alikuwa anafungua kinywa ndipo sauti nzito ilipotoka kona ya nyuma.

"Ni mimi, jamani. Tumbo linanisumbua tangu jana. Nistahimilini."

Wote waligeuka. Alikuwa kijana mrefu, shati la samawati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata karatasi, tai nyembamba, viatu vinavyong'aa. Mtu wa namna ile kukiri jambo la namna ile! Mama wa chupa ya chai alimpa kisogo kwa kishindo. Lifti ilipofunguka ghorofa ya sita, kijana alishuka, na Kiberiti akashuka nyuma yake.

"Kaka! Wewe hukufanya lolote."

"Najua."

"Sasa umejisingizia ya nini?"

"Kwanza, ile ni gesi ya maabara, haidrojeni salfaidi, naijua hata nikiwa usingizini. Pili, ulivyolikumbatia hilo boksi, nilidhani una mtoto mchanga ndani. Mzazi haaibishwi mbele za watu."

"Mdomo wako umepakwa asali."

"Na koti lako limepakwa mayai. Tukichanganya tutapata keki."

Kiberiti alicheka, akakasirika kwa kuwa amecheka, akacheka tena. Walifika pamoja mbele ya mlango mmoja, na kijana akatoa ufunguo mfukoni. Ndiye aliyekuwa mwendeshaji wa hadubini ya elektroni, mashine ndefu kuliko mtu, ya pekee katika mji mzima. Hospitali iliitumia kuchungulia vipande vya nyama za wagonjwa vilivyogandishwa kwenye gundi ngumu. Alhamisi waliruhusiwa watu wa nje. Watu walimwita Bwana Hadubini.

"Kumbe ni wewe," Kiberiti alisema.

"Kumbe ni mimi," alijibu. "Mlete mtoto nimwone."

Baada ya hapo Alhamisi zilikuwa chache mno. Ikabidi simu ziazime siku nyingine.

"Halo, kiberiti cha moyo wangu."

"Niko kazini, chungu kiko nyuzi mia na ishirini. Sema upesi."

"Nimeikumbuka sauti yako."

"Umeshaisikia. Kwaheri."

Baada ya robo saa simu ya Bwana Hadubini ililia. "Chungu kimepoa," sauti laini ilisema. "Hebu rudia, umekumbuka nini?"

Jumanne moja alimkaribisha maabara akamwone anavyopika. Siku hiyo Kiberiti alivaa gauni la kijani kibichi ndani ya koti, na hereni ndogo za shaba ambazo hakuwa akizivaa kazini. Alimsimamisha mbali kidogo, akamvisha miwani ya kinga na glavu, akamwonyesha chupa ya shingo tatu iliyojaa mafuta ya moto, hewa yote imefukuzwa. Akamimina unga wake mweupe uliokwisha kuyeyushwa. Mafuta yakakaa kimya. Kisha, polepole kama aibu inavyopanda usoni, yakaanza kuwa njano.

"Themanini na nane, themanini na tisa, tisini!" alimaliza kuhesabu sekunde, akaiondoa chupa motoni. "Nikichelewa sekunde kumi tu, zinanenepa."

"Kama mimi kila nikienda kula kwa shangazi yako."

"Wewe unanenepa kwa kupenda vya watu."

Alizima taa ya chumba, akawasha taa ndogo ya zambarau. Kimiminika chote kikawaka kama kijua kilichofungiwa chupani. Bwana Hadubini hakuwa anatazama chupa.

Sasa, Kiberiti hakuwa na shahada. Alikuwa na diploma yake moja, na miaka sita ya kuosha vyombo vya wenye shahada, mpaka alipogundua mwenyewe njia ya kupika chembe zile kwa joto dogo kuliko lililoandikwa vitabuni. Mkuu wa maabara, ambaye wote walimwita Mama Profesa, mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, alikuwa amemwita ofisini.

"Binti yangu, nafasi ya masomo ipo moja. Niletee picha ya hadubini inayoonyesha chembe zako hazizidi nanometa tano, nafasi ni yako, na jina lako litatangulia kwenye makala. Bila picha, inakwenda kwa mwingine. Kamati ya masomo inaamini inachokiona."

Kwa hiyo Alhamisi iliyofuata Kiberiti aliipeleka chupa moja, iliyo bora kuliko zote, akamkabidhi mpenzi wake kwa mikono miwili.

"Maisha yangu hayo," alimwambia. "Usikohoe karibu yake."

"Nitakupa picha ambayo hujapata kuiona."

Na kweli hakuwa amepata kuiona. Ripoti iliingia Jumatatu asubuhi kwenye kompyuta ya Mama Profesa. Picha ilikuwa kali, safi, kila ukingo umesimama. Ndani yake yalijaa mabonge meusi yaliyoshikana mabega kama watu kwenye foleni. Chini yake paliandikwa: ukubwa wa wastani, nanometa thelathini na moja.

Simu ya Kiberiti ililia.

"Mpenzi, nilitaka nikuambie kabla..."

"Kabla ya nini? Mama Profesa ameshaisoma mara mbili!"

"Utaratibu ni ripoti iende kwa mkuu wa maabara moja kwa moja. Unajua."

"Utaratibu naujua. Nilikuwa sikujui wewe. Chembe zangu ni nanometa tatu!"

"Nimeziona kwa macho yangu, kipenzi. Ni kubwa."

"Kipimo cha mwanga kinasema tatu. Eksirei inasema tatu. Rangi yenyewe ni ya limau! Zingekuwa thelathini zingefanana na kiini cha yai, hata mtoto wa shule anajua hilo. Ni wewe tu na limashine lako!"

"Labda uliziosha mno. Koti la mafuta likitoka, zinashikana."

"Usinifundishe kuosha! Nimeosha miaka sita!"

"Sasa unataka niandike uongo kwa sababu nakupenda?"

"Nataka uangalie vizuri!"

"Vizuri vipi tena? Nimekaa nusu saa nzima mahali pamoja, hata kupepesa sijapepesa!"

"Basi endelea kukaa."

Akakata. Simu ililia tena, akakata tena. Ndani ya siku mbili ililia mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja ilikatwa. Jumanne mchana Kiberiti aliketi akaandika barua kwa Mama Profesa, nakala kwa mkuu wa Bwana Hadubini kule hospitalini. Ilikuwa mistari miwili: *Ripoti hii si kweli. Naomba sampuli ipimwe upya, na mtu mwingine.*

Jioni ile ile ujumbe uliingia kwenye simu yake. "'Mtu mwingine.' Nimeelewa." Baada ya hapo simu haikulia tena, na Kiberiti, aliyekuwa akiomba inyamaze, aligundua kuwa kuna kelele mbaya kuliko mlio wa simu.

Ijumaa mchana alikaa kwa shangazi yake, mshonaji aliyemlea tangu akiwa na miaka saba. Shangazi alikuwa anakunja upindo wa gauni la bibi harusi, pini tatu kinywani.

"Umenuna siku nne," shangazi alisema kwa pembe ya mdomo. "Paka akinuna siku nne nampeleka kwa daktari wa mifugo. Sema."

Kiberiti akasema. Alisimama katikati ya chumba, katikati ya vitambaa, akaigiza sauti nzito ya yule bwana, mikono kiunoni. "'Mashine imeona! Mimi nimeona! Nimekaa nusu saa nzima mahali pamoja, hata kupepesa sijapepesa!' Shangazi, mtu anajisifu kwa kutopepesa!"

Shangazi alitema pini kiganjani ili acheke kwa nafasi. "Nusu saa? Palepale pamoja? We mtoto, mwanamume mwenye mtambo wa nguvu namna hiyo akinikodolea nusu saa, hata mimi na mifupa yangu hii ningeyeyuka!"

Mikono ya Kiberiti ikashuka kutoka kiunoni.

"Rudia."

"Nirudie nini? Mifupa?"

"Umesema ungeyeyuka."

"Ningeyeyuka, ndiyo. Damu yangu si ya jiwe."

Kiberiti aliketi juu ya gauni la watu, akafukuzwa, akaketi chini. Hadubini ile haitazami kwa mwanga. Inatazama kwa kupiga, mvua ya elektroni isiyokoma, yenye nguvu ya kuchoma. Kipande cha nyama kilichogandishwa kwenye gundi ngumu kinastahimili nusu saa, na mwendeshaji aliyezoea vipande hivyo hana sababu ya kuharakisha. Lakini chembe ya nanometa tatu, imevaa kikoti cha mafuta tu? Koti linaungua. Chembe inalainika. Inamtafuta jirani yake. Mwenye kujua hupiga picha moja haraka akahamia mahali pengine. Nani angefikiri kwamba kuna mtu atakayekaa palepale nusu saa?

"Shangazi," alisema, "wewe ndiye profesa."

"Nilijua siku nyingi. Inuka unitafutie pini."

Jumamosi asubuhi alikwenda hospitali bila kupiga simu. Alivaa gauni jeusi lisilo na mchezo, kitambaa kichwani, viatu vya kukimbilia. Bwana Hadubini alikuwa peke yake chumbani, na shati lake, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, halikupigwa pasi. Kiberiti aliliona hilo, likamchoma mahali, akajifanya halikumchoma.

"Kamati inakaa Jumatano," alisema.

"Na mimi sijambo."

"Picha ya kwanza iko wapi?"

"Ipi?"

"Ya kwanza kabisa. Ya dakika ya kwanza, kabla hujanogewa."

"Ile ina ukungu. Haikufaa kupewa mtu."

"Nionyeshe."

Aliifungua shingo upande. Kweli ilikuwa na ukungu, kama kioo kilichopumuliwa. Lakini ndani ya ukungu, ukisogeza uso, palikuwa na vidoa. Vidogo, mamia, kila kimoja peke yake, hakuna kilichomgusa mwenzake. Kiberiti alinyoosha kidole tu, aendelee. Dakika ya tano, vidoa vimesogeleana. Dakika ya kumi na mbili, viwili viwili. Dakika ya thelathini, picha kali, safi, na mabonge.

Bwana Hadubini alikaa kitini kama aliyekatwa miguu.

"Nimeziua."

"Umezikodolea mpaka zikaungana. Ulikuwa unatafuta nini nusu saa yote?"

"Picha nzuri."

"Nzuri ya nini? Kamati haihitaji uzuri!"

"Si ya kamati." Alitazama kibodi. "Nilijua ile picha ndiyo itakayoamua maisha yako. Nikasema isiwe na kasoro hata moja. Nilitaka nakala yake niiweke kwenye fremu. Kila nikipiga naona bado, naongeza nguvu kidogo, nasogea karibu kidogo. Nikasahau kwamba si nyama."

Kiberiti alikuwa amekuja na maneno yaliyonolewa tangu jana, ya kutosha kumkata mtu vipande. Aliyatafuta, hayakuwepo. Alivuta kiti cha pili.

"Weka tone jipya," alisema. "Nguvu ndogo. Sekunde mbili, unapiga, unahama."

Alidondosha tone kwenye kisahani cha wavu wa shaba, kidogo kama kichwa cha pini kubwa, akakisubiri kikauke, akakiingiza kwenye tumbo la mashine.

"Piga. Hama!"

"Nahama."

"Umekaa!"

"Sijakaa, bibie, nimevuta pumzi."

"Vuta pumzi ukiwa njiani."

Waliendelea hivyo hadi saa saba mchana. Kisha wakaanza kupima, chembe moja moja, yeye akisoma na Kiberiti akiandika, chembe mia mbili. Mabega yaligusana kwenye chembe ya arobaini na hakuna aliyelihamisha lake. Wastani ulipotoka, Kiberiti aliuandika kwa herufi kubwa akaupigia mistari miwili: nanometa tatu nukta nne.

Bwana Hadubini alifungua ukurasa mpya akaandika ripoti ya pili palepale. Aliziweka picha zote, kuanzia ile ya ukungu hadi ile ya mabonge, na juu yake akaandika sentensi moja: *Kosa ni la mwendeshaji, aliyeuacha mwale mahali pamoja kwa dakika thelathini.* Akaweka jina lake na sahihi.

"Mkuu wako atakufanya nini?"

"Atanikemea. Nami nitakemewa."

Kiberiti alimtazama. Akamfunga kifungo cha shati kilichoachwa wazi, cha pili kutoka juu, akaondoka bila kuaga.

Mama Profesa hakuwa mtu wa kusadiki upesi. Jumatatu alimleta mtaalamu mwingine, akamkalisha kwenye mashine ileile, akasimama nyuma yake mwenyewe. Tatu nukta tatu. Jumatano kamati ilikaa dakika arobaini, na Kiberiti alizihesabu zote akiwa amesimama ukumbini, gauni lake la njano limemkaa vizuri na yeye mwenyewe kukaa hawezi. Kisha mlango ukafunguka.

"Binti," Mama Profesa alisema, "katafute daftari jipya. Unaanza mwezi ujao."

Kiberiti alipiga ukelele uliofungua milango minne ya ofisi.

Alipotoka nje, Bwana Hadubini alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya dirisha, shati jeupe, pasi imerudi kazini. Alisimama.

"Nimeusikia ukelele kutoka huku. Hongera, mwanafunzi."

"Asante, mwendeshaji mkosaji."

"Nimekuja na neno."

"Litoe, nina watu wa kuwapigia simu."

Mtu aliyejitwika harufu ya lifti nzima bila haya sasa alikuwa anahangaika na tai yake. "Nataka nikuoe."

"Umelipima?"

"Sekunde mbili mbili, kila upande. Kila mahali jibu ni lilelile."

Kiberiti alimwacha aive kidogo juani. "Nimekubali."

"Hivyo tu?"

"Ulitaka nusu saa?"

Alicheka mpaka akakaa tena kwenye benchi, na Kiberiti akakaa karibu yake, mkono ndani ya mkono. Watu walipita na mafaili yao. Hakuna aliyewajali. Baada ya muda kicheko kilikwisha, naye Bwana Hadubini akawa anausugua mgongo wa mkono wa Kiberiti kwa kidole gumba.

"Kuna kitu kimoja kimenikwama hapa kooni, mpenzi. Ile 'mtu mwingine.' Mkuu wangu aliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wote. Mimi kosa langu nimelikiri kwa maandishi, jina na sahihi. Nawe nipe neno moja tu, nitue mzigo."

Neno lenyewe lilikuwa fupi, na siku ilikuwa tamu, na mkono ule ulikuwa wa joto. Kiberiti angeweza kulitoa na wala lisingempunguza kilo.

"Iliuma?" aliuliza.

"Iliuma sana."

"Naona. Na nitakupoza kwa kila njia ninayoijua, mpaka uzeeke unisihi niache. Lakini sikiliza, baba. Kama siku ile ningeinyamazia ripoti yako kwa kuwa nakupenda, leo wewe ungekuwa na uongo wenye muhuri, na mimi ningekuwa naosha chupa za watu. Ukikosea tena kesho, nitaandika barua nyingine, na nakala kwa mkuu wako. Kukupenda nakupenda. Kuolewa nitaolewa. Radhi, siombi."